Jirani wa Geita si Geita

Na Mwandishi wa Kujitegemea

KILA dhahabu inapopanda bei, wauza karatasi nao huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Oktoba 2025 aunsi moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 za Marekani, bei ambayo ilikuwa haijapata kuonekana. Tangu hapo, ndugu msomaji, huwezi kukaa kwenye kijiwe cha kahawa Mwanza au Kariakoo ukamaliza kikombe bila kusikia habari za "kampuni ndogo ya utafiti" inayouza hisa kwa bei ya kutupa, eti kwa kuwa imepata leseni karibu na Geita, au karibu na Bulyanhulu, au kule Chunya walikochimba Waingereza.

Lishike hilo neno "karibu". Ndilo linalouzwa. Dhahabu yenyewe haijaonekana, mgodi haupo, mtambo haupo, na pengine hata shimo moja la kuchoronga halijatobolewa. Kinachouzwa ni ujirani. Nami nakuandikia wewe mwenye kiinua mgongo, wewe uliyeuza pamba, wewe mwenye mkopo wa Saccos mfukoni, ujue kabla hujafungua pochi kwamba jirani wa Geita si Geita.

Sina maana kwamba kila kampuni ndogo ni genge la wezi. La hasha! Makampuni makubwa hayapendi kuhangaika porini. Huwaacha wadogo wahangaike, wakipata huwanunua. Ndivyo migodi yetu mingi ilivyozaliwa, na mtu akikuficha hilo anakudanganya kama yule anayekuuzia karatasi.

Itazame Geita yenyewe. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1898, enzi za Mjerumani. Uchimbaji mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza mwaka 1936 chini ya Waingereza na ukaendelea mpaka mgodi ulipofungwa 1966. Katika miaka hiyo 30 ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote Afrika Mashariki na ulitoa kama aunsi milioni moja. Kisha kimya. Miaka ya 1990 ikaja kampuni ndogo ya Uingereza, Cluff Resources, ikaanza kuchoronga upya. Mwaka 1996 Ashanti ya Ghana ikainunua Cluff. Mwaka 1998 Ashanti hiyo hiyo ikainunua na Samax, kampuni nyingine ndogo iliyokuwa na mashapo ya Kukuluma, jirani kabisa na pale. Mwaka 2000 mgodi mpya ukafunguliwa rasmi.

Kwa hiyo wenye hisa za Samax walilipwa kwa ujirani? Wauza karatasi watakusimulia hivyo kwa mbwembwe zote. Wasichokuambia ni kwamba Samax ilikuwa imekwisha kuchoronga na kupima, na mwenzake mwenye fedha alikuwa anajua anachonunua. Haikuuza nyota iliyochorwa kwenye ramani.

Na Bulyanhulu? Wachimbaji wadogo walianza pale katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1994 leseni ikaenda kwa Sutton Resources, kampuni ndogo ya Vancouver, Canada. Agosti 1996 serikali ikawaondoa maelfu ya wachimbaji wadogo na familia zao, na machungu ya siku zile hayajaisha Kahama mpaka leo. Mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton kwa kama dola milioni 280. Mgodi ukaanza kuzalisha mwaka 2001.

Hebu isome tena hiyo miaka, polepole. Aliyechimba kwa nyundo na tindo aliondoka 1996 mikono mitupu. Mwenye hisa aliyekaa Vancouver alilipwa 1999. Dhahabu ya mgodi ule ikatoka 2001. Katika biashara hii fedha hutangulia dhahabu! Wajanja huvuna kabla jiwe halijasagwa, na anayebaki na karatasi mkononi mwisho wa ngoma ndiye anayelipa muziki. Swali la kujiuliza ni moja: leo hisa hizo zinapokufikia wewe Buguruni, wewe ni mtu wa ngapi kwenye foleni?

Mimi nilimaliza sekondari tu, sikusomea miamba. Lakini kuzidisha na kugawanya nilifundishwa, na kwa hesabu hizo mbili mtu anaweza kuielewa kampuni ndogo ya utafiti vizuri kuliko inavyopenda ieleweke. Jiulize inakula nini. Haina dhahabu ya kuuza. Haina duka, haina shamba. Ina bidhaa moja tu, nayo ni hisa zake. Mshahara wa mkurugenzi, mafuta ya Land Cruiser, tiketi za ndege, hoteli, na yale mabuku yenye picha za kupendeza, vyote hutoka kwenye fedha za wanunuzi wa hisa. Fedha zikiisha, inachapisha hisa nyingine na kuziuza.

Sasa tuseme kampuni ina hisa milioni 10, nawe umenunua laki moja. Una asilimia 1. Mwaka wa pili fedha zimekwisha, inauza milioni 10 nyingine: umebaki na nusu ya asilimia. Mwaka wa tatu inauza milioni 20: umebaki na robo. Hukuuza hata hisa moja, hukuibiwa, kila kitu kimefanyika kwa sheria na kwa mihuri, lakini fungu lako limekatwa mara nne. Ili upate kile kile ulichotarajia siku ya kwanza, kampuni sasa inatakiwa iwe na thamani mara nne. Na bado haijapata kitu.

Hata ikipata, usisahau fungu la nchi. Sheria ya 2017, ile iliyopitishwa kwa hati ya dharura, inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 za mgodi bila kutoa senti. Kuna mrabaha wa dhahabu uliopandishwa mwaka huo kutoka asilimia 4 hadi 6, na asilimia 1 ya ukaguzi juu yake. Mimi hilo silipingi hata kidogo. Dhahabu ni ya wananchi, na kama ni kulaumu tungelaumu kuchelewa. Ila anayekuuzia hisa ajitokeze akuambie kwamba sahani unayoahidiwa imekwisha megwa.

Sasa kuhusu miamba. Wauza karatasi wanataka uamini kwamba dhahabu ni kama mvua, ikinyesha kwa jirani nawe utalowa. Kawaulize wachimbaji wadogo wa Nyarugusu au Lwamgasa kama ndivyo. Watakuambia duara moja linaweza kutoa mpaka mwenyewe akajenga nyumba ya bati, na duara la pili, hatua kumi kutoka pale, likala miezi sita, matimba, chakula cha vijana na baiskeli ya mwenye duara, lisitoe hata cha kupeleka karashani. Dhahabu yetu ya Kanda ya Ziwa hukaa zaidi kwenye mipasuko ya miamba ya kale. Mpasuko hupinda, hukatika, huzama. Hausomi mipaka ya leseni. Kama hatua kumi zinaweza kumfilisi mtu aliyelala na mwamba miaka ishirini, kilomita thelathini zinakuhakikishia nini?

Hapo ndipo wanapokuja na hadithi ya mgodi wa zamani. "Mjerumani alichimba hapa!" Ni kweli Mjerumani alichimba sehemu nyingi. Sekenke, kule Iramba, ilichimbwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu yake ndiyo iliyotengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizogongwa Tabora mwaka 1916 vita ikiwa imepamba moto. Ni kweli Lupa, huko Chunya, dhahabu ilionekana mwaka 1922 na watu wakafurika. Ni kweli New Saza, mgodi wa Lupa, ulifanya kazi mpaka 1956. Historia yote hiyo ni ya kweli na ni tamu. Lakini mgodi wa zamani unaweza kuwa na maana mbili: ama dhahabu ilibaki, ama iliisha.

Kuna sababu moja ya kweli ya kuamini kwamba wakati mwingine ilibaki, nami siwezi kuificha kwa vile tu inawasaidia wauza karatasi. Kuanzia 1934 hadi 1971 Marekani iliishikilia bei ya dhahabu kwenye dola 35 kwa aunsi. Mishahara ilipanda, mafuta yalipanda, baruti ilipanda, dhahabu ikakaa pale pale. Migodi mingi ilifungwa jiwe likiwa bado lina kitu ila halilipi. Kwa bei ya leo jiwe lile lile linaweza kulipa. Shanta ilikwenda huko huko uwanda wa Lupa, ikaanza kuzalisha New Luika mwaka 2012, na si hadithi. Kwa hiyo mgodi wa zamani ni sababu ya kwenda kuchoronga. Sababu ya kuuza ng'ombe ukanunue hisa kabla mashine haijafika ni kitu kingine kabisa.

Na hata pale dhahabu ilipo kweli, muda unaweza kukumaliza. Mfano upo hapo hapo Geita, unaitwa Buckreef. Huo ulikuwa mgodi wa chini ya ardhi wa umma, ukafanya kazi miaka ya 1980 na kufungwa 1990. Baadaye eneo likapita mikono ya wageni kadhaa, wakiwemo Gallery Gold ya Australia na IAMGOLD ya Canada, kila mmoja na mipango yake. Mwaka 2011 likaangukia kwenye ubia: asilimia 45 ya STAMICO, asilimia 55 ya kampuni iliyokuwa ikiitwa Tanzanian Royalty Exploration, ambayo leo ni TRX Gold. Aliyekuwa akiiongoza ni Jim Sinclair, Mmarekani ambaye kabla ya hapo alikuwa mwenyekiti wa Sutton, ile ile ya Bulyanhulu. Ungetaka jina gani zuri zaidi ya hilo? Mtu aliyekwisha kushika bahati mara moja, mgodi wa zamani, Geita jirani, serikali ndani. Karata zote za turufu.

Mwaka 2011 hisa moja ya kampuni hiyo ilikuwa zaidi ya dola 6 kwenye soko la New York. Mwaka 2018 ilikuwa chini ya nusu dola. Usiseme dhahabu ilishuka, maana katika kipindi hicho dhahabu ilipoteza kama theluthi ya bei yake, hisa ikapoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Leo Buckreef inatoa dhahabu kweli, na wanaofanya kazi pale wanastahili pongezi. Lakini yule aliyenunua 2011 kwa dola 6 ili asomeshe mtoto, mtoto amekwisha kumaliza shule, amekwisha kuoa, na hisa haijarudi ilikotoka. Na hii ndiyo kampuni iliyofanikiwa, ndugu msomaji! Yenye dhahabu halisi! Ambazo hazikupata kitu hata majina yake tumeyasahau.

Kuna na zile ambazo hazikukusudia kupata. Kisa cha Bre-X lazima kila mwenye tamaa ya hisa za dhahabu akijue, nami nitakieleza chote maana kwa Kiswahili hakisimuliwi vya kutosha.

Mwaka 1993 Mkanada David Walsh, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa ametangazwa mufilisi, alinunua kupitia kampuni yake ndogo ya Bre-X eneo liitwalo Busang, ndani ya msitu wa Kalimantan Mashariki, Indonesia. Jimbo hilo lilikuwa tayari na mgodi halisi wa dhahabu, wa Kelian, uliofunguliwa 1992. Unaona ujirani unavyoanza? Mtaalamu wake mkuu wa miamba alikuwa John Felderhof. Msimamizi wa kazi kule porini alikuwa Mfilipino, Michael de Guzman. Wakachoronga. Majibu ya maabara yakaja mazuri, yakafuata mazuri zaidi. Kila miezi michache kampuni ilitangaza dhahabu nyingi kuliko tangazo lililopita, mpaka mwanzoni mwa 1997 ikafika aunsi milioni 71. Hisa zilizokuwa za senti zikavuka dola 280 za Canada. Kampuni ambayo haikuwa imeuza hata gramu moja ya dhahabu ikathaminiwa dola bilioni 6 za nchi ile. Vigogo wa utawala wa Suharto wakaanza kugombania fungu, na makampuni makubwa yakapigana vikumbo mlangoni.

Ndipo kampuni kubwa ya Marekani, Freeport-McMoRan, ikaingizwa kuwa mbia. Freeport ikafanya jambo ambalo mama yeyote anayenunua mchele sokoni angelifanya: ikaingiza mkono kwenye gunia. Ilichoronga mashimo yake yenyewe, jirani kabisa na mashimo ya Bre-X. Ikakuta karibu na patupu. Tarehe 19 Machi 1997 de Guzman, akiwa njiani kwenda Busang kukutana na watu wa Freeport, alianguka kutoka kwenye helikopta na kufa. Tarehe 26 Machi Freeport ikatangaza ilichokuta. Mei mwaka huo wachunguzi huru wa Strathcona wakahitimisha kwamba sampuli zilikuwa zimechezewa kwa kiwango kisichopata kuonekana katika historia ya madini. Chenga za dhahabu zilitiwa ndani ya sampuli zilizosagwa, na chenga zenyewe zilikuwa na umbo la mviringo la dhahabu ya mtoni, ambayo haiwezi kutoka ndani ya mwamba mgumu.

Iliwezekanaje watu wazima wasigundue? Kawaida jiwe refu linalotoka kwenye shimo la kuchoronga hupasuliwa kwa urefu katikati. Nusu inakwenda maabara, nusu inatunzwa ghalani ili mwenye mashaka aje apime mwenyewe. Bre-X walilisaga lote. Hakikubaki kitu cha kuhakiki. Januari 1997 moto ukazuka kambini na kuteketeza kumbukumbu. Na bado watu walinunua!

Walionunua hawakuwa washamba. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, wenye wataalamu wake wa fedha na kompyuta zao, ulipoteza kama dola milioni 100 za Canada. Walsh alikufa mwaka 1998. Felderhof alishitakiwa kwa kuuza hisa zake akijua mambo ya ndani, kesi ikachukua miaka, na mwaka 2007 akaachiwa huru. Hakuna aliyekwenda jela.

Baada ya aibu ile Canada iliweka kanuni mwaka 2001: kampuni ya madini haiwezi kuwatangazia wanunuzi wa hisa kiasi cha dhahabu mpaka mtaalamu anayetambuliwa, mwenye jina na wa kuulizwa, ameidhinisha taarifa hiyo. Australia ilikuwa na utaratibu wake tangu 1989. Kanuni hizo hazizuii hasara. Zinazuia uongo wa wazi, na hiyo si haba.

Sasa turudi nyumbani, maana hicho kilichowaliza walimu wa Ontario kimeanza kuwabishia hodi walimu wa hapa. Mtaani kwetu kuna mwalimu mstaafu, mtu wa heshima, alinifundisha mimi na kaka zangu. Siku moja aliniita barazani kwake.

"Mwanangu, wewe unaandika magazeti. Hebu nisomee hii, Kiingereza chake ni kigumu."

"Shikamoo mwalimu," nikamwambia, nikaketi.

Ilikuwa karatasi nzuri ya kung'aa. Katikati palikuwa na ramani. Nyota nyekundu: Geita. Pembeni yake kisanduku cha kijani: "eneo letu". Chini wameandika kwamba eneo hilo liko kwenye mkanda ule ule wa dhahabu, "hatua chache" kutoka mgodi mkubwa. Nikaomba rula ya mjukuu wake. Kwa kipimo cha ramani hiyo hiyo, hatua chache zilikuwa kilomita 38. Nikatafuta idadi ya mashimo yaliyochorongwa. Haikuwamo. Nikatafuta jina la mtaalamu aliyeidhinisha. Halikuwamo. Namba ya leseni? Haikuwamo. Picha za watu waliovaa kofia ngumu zilikuwa sita.

"Aliyekuletea ni nani, mwalimu?"

"Kijana mmoja wa kanisani kwetu, ana adabu sana. Anasema nafasi zinafungwa Ijumaa."

Nilimshauri amwombe kijana huyo namba ya leseni tu, hakuna kingine. Kijana akaahidi kuileta kesho yake. Ijumaa ikapita, na Ijumaa nyingine, na kiinua mgongo cha mwalimu, namshukuru Mungu, bado kiko benki. Kampuni hiyo siitaji jina maana sina ushahidi wa mahakamani. Ila nilipoona "nafasi zinafungwa Ijumaa" nilikumbuka DECI. Mmesahau? Watu walipanda mbegu wakisubiri kuvuna, kanisani na mtaani, mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009, na wengi wakabaki na vitabu vya stakabadhi tu. Mgodi wa kweli haufungi milango Ijumaa. Mwamba una umri wa mabilioni ya miaka, hauwezi kushindwa kukusubiri wiki mbili.

Na kama unadhani soko rasmi peke yake ni kinga, kumbuka 2014. Swala Oil and Gas, kampuni ya kutafuta mafuta na gesi, iliuza hisa kwa wananchi kwa Sh. 500 moja na kuingia kwenye dirisha la makampuni madogo la Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kila kitu kilifuata sheria, na watu walizigombania. Kisima kilichotajwa sana, cha bonde la Kilombero, hakikuchorongwa. Hapo hapakuwa na wizi. Ndivyo utafutaji ulivyo, uwe wa mafuta au wa dhahabu: unanunua swali, hununui jibu. Mwenye fedha za kupoteza anunue, ni haki yake, na huenda akacheka mwishoni. Mwenye fedha ya ada na ya dawa asiguse.

Anayetaka kuingia pamoja na yote hayo, aanze na waraka wa matarajio. Kuuza hisa kwa umma bila waraka ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ni kuvunja sheria iliyopo tangu 1994. Muuzaji akianza kung'aka ukiuliza waraka, umekwisha kupata jibu lako. Kisha uliza mashimo mangapi yamechorongwa na mangapi yalitoka patupu, maana watakutajia lile moja lililotoa gramu 12 kwa tani na kuyanyamazia mengine arobaini. Uliza kama nusu ya jiwe imetunzwa na iko wapi. Uliza hisa ngapi zipo leo na zilikuwa ngapi miaka mitatu iliyopita. Uliza mkurugenzi alinunua zake kwa bei gani. Hili la mwisho huwaudhi sana, kwa hiyo uliulize kwa sauti.

Lakini kwa nini kazi hii yote aachiwe mwalimu mstaafu na rula ya mjukuu? Serikali ina Tume ya Madini inayojua kila leseni ni ya nani, imetolewa lini na inaisha lini. Oktoba 2023 Waziri wa Madini, Anthony Mavunde, alitangaza kufuta maombi na leseni zaidi ya 2,000. Maana yake ni kwamba wakubwa wanafahamu fika kuna watu wanashikilia ardhi kwa karatasi bila kuifanyia kazi. Wakati wote huo mwananchi wa kijijini akiingia humo na sururu anaitwa mvamizi na kufukuzwa na mbwa. Leseni iliyolala inamwumiza mtu wawili: huyu aliyezuiwa kuchimba, na yule wa mjini aliyeuziwa hisa za eneo ambalo hakuna anayechimba.

Tena kampuni za namna hii zilizoandikishwa Toronto au London hulazimika kutoa taarifa kule: mashimo haya, gramu hizi, fedha hizi. Mstaafu wa Toronto anazisoma asubuhi akinywa chai. Mwenyekiti wa kijiji ambamo shimo limechorongwa hajui kilichotoka chini ya shamba lake, na akiuliza anaambiwa ni siri ya kampuni. Siri gani hiyo inayojulikana Canada nzima? Taarifa hizo ziletwe kwa Kiswahili, zibandikwe ofisi ya kijiji, na kampuni isiyofanya hivyo isiongezewe muda wa leseni.

Na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji isingoje watu walizwe ndipo itoe onyo kwa Kiingereza kwenye kona ya gazeti. Tume ya Madini ina orodha ya wenye leseni za utafutaji walio hai. Mamlaka ina orodha ya walioruhusiwa kuuza hisa kwa umma. Kuzichapisha orodha hizo mbili ukurasa mmoja, bega kwa bega, kila baada ya miezi mitatu, ni kazi ya makarani wawili na alasiri moja.